Kuwapo kwa Mungu na Sarufi ya Mahali: Maoni Kuhusu Hoja za Kifalsafa katika Mazingira ya Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Hoja za kifalsafa za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu aghalabu hufundishwa katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki kama urithi uliokwisha kukamilika: Anselm, al-Ghazali na Thomas Aquinas kwa upande mmoja, Hume na Kant kwa upande mwingine, na mwishoni, muda ukiruhusu, kipindi kimoja kuhusu "mtazamo wa Kiafrika". Katika kipindi hicho kimoja mwanafunzi hukutana na kauli mbili. Ya kwanza hudai kwamba Mwafrika hakuhitaji hoja, kwa kuwa kwake Mungu ni jambo lililo wazi tangu utoto. Ya pili hudai kwamba hoja zote alikuwa nazo, ila hakuziandika. Kauli ya kwanza humnyima Mwafrika fikra. Ya pili humvika fikra za mwingine.

Makala haya yanashikilia kwamba kauli zote mbili zinakwepa kazi yenyewe, nayo ni kuzipima hoja katika lugha na maisha ya mahali maalumu. Mahali palipochaguliwa ni wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Tarime ni kitovu cha Wakuria wa Tanzania, ambao mpaka wa kikoloni uliwatenga na ndugu zao wa Kenya. Na hadi ilipoundwa wilaya ya Rorya mwaka 2007, wilaya hiyo ilikuwa pia na Wajaluo wengi. Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, ina Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Lugha za Kibantu na za Kiniloti zimekaa hapo bega kwa bega kwa karne nyingi. Katika eneo hilohilo la Mara, Wasabato walianza kazi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wamenoniti walifungua kituo Shirati mwaka 1934, na mwaka 1955 Julius Nyerere, alipokwisha kuacha ualimu, aliwafundisha mapadre wa Maryknoll Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri. Kila aliyetafsiri alilazimika kujibu maswali mawili ambayo wanafalsafa huyaona madogo: Mungu aitweje, na kuwapo kwake kusemwe vipi?

2.0 Kitenzi "kuwa" na hoja ya Anselm

Hoja ya Anselm, aliyoiandika kati ya mwaka 1077 na 1078, inajulikana. Mungu ni yule ambaye hakuna mkubwa zaidi yake awezaye kufikiriwa. Hata anayemkana anaielewa dhana hiyo, hivyo Mungu yumo akilini mwake. Lakini aliye akilini tu ni mdogo kuliko aliye akilini na katika uhalisi pia. Kwa hiyo, yule ambaye hakuna mkubwa zaidi yake hawezi kuwa akilini tu.

Alexis Kagame, katika utafiti wake wa mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda, alionyesha kwamba kitenzi cha Kibantu cha "kuwa" hakisimami peke yake. Hudai sifa au mahali. Kwa msingi huo, kauli ya Descartes kwamba anafikiri, kwa hiyo yuko, humwacha msikilizaji wa Kibantu akiuliza: yuko wapi, au ni nani? Kwasi Wiredu (1996), akichunguza Kiakan, lugha isiyo ya Kibantu, alifikia hitimisho linalofanana: kuwako ni kuwako mahali fulani, na kwa hiyo kiumbe kisicho na mahali popote hakisemeki kwamba kipo.

Ushahidi wa Kiswahili unaunga mkono uchunguzi wa Kagame. "Mungu ni" haijakamilika. Lazima iwe "Mungu ni mwema" au "Mungu ni mmoja". Anayetaka kusema kwamba Mungu hakubuniwa na watu hana budi kutumia kiambishi cha mahali: "Mungu yupo", "Mungu yuko". Lugha za Kibantu za Mara nazo zina ngeli za mahali za 16, 17 na 18, na ndizo zinazobeba mzigo huo.

Hata hivyo, hitimisho la Wiredu haliwezi kupokelewa bila masharti. Kwanza, Anselm mwenyewe, akiandika Kilatini, hakukwepa mahali: alitofautisha kilicho ndani ya akili na kilicho ndani ya uhalisi, na katika maneno yote mawili alitumia kihusishi kilekile cha mahali. Kwa hiyo sarufi ya mahali si kifungo cha Mwafrika peke yake. Pili, mahali katika fikra za Serengeti si kipande cha ardhi tu. Waikoma, Wanata na jirani zao wana emisambwa (umoja: erisambwa), yaani nguvu zinazoilinda nchi, ambazo hukaribiwa katika chemchemi, vilima na miti maalumu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler (2007) ameonyesha jinsi kuundwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mwaka 1951, na mapori ya akiba yaliyofuata kulivyowatenga watu na baadhi ya mahali hapo. Lakini erisambwa mashuhuri la Waikoma, liitwalo Machaba, ni jozi ya pembe za ndovu ambazo masimulizi yao yanasema zilitoka kwa Watatoga. Pembe hubebeka. Mahali pa Machaba ni pale walipo watu wanaoyatunza. Basi hata pale ambapo kuwapo kunafungamana na mahali, mahali penyewe huweza kuwa uhusiano wala si eneo lenye mipaka ya ramani, na anayesema "Mungu yupo" halazimiki kuonyesha eneo kwa kidole.

Jambo la manufaa zaidi ni lile ambalo sarufi ya Kiswahili inalifanyia hoja ya Anselm. Kiswahili kina viambishi vitatu: -mo cha ndani, -po cha mahali dhahiri, na -ko cha mahali pasipo dhahiri. Hoja nzima ya Anselm ni safari ya kutoka "yumo" hadi "yupo". Katika lugha yenye kitenzi kimoja cha kuwako, safari hiyo huweza kupita bila kuonekana, kwa sababu umbo la kitenzi halibadiliki. Katika Kiswahili umbo hubadilika mbele ya macho, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni kitu gani kilichoruhusu badiliko hilo. Pingamizi la mtawa Gaunilo, aliyesema kwamba kwa njia hiyo hata kisiwa kikamilifu kingethibitishwa, na pingamizi la Kant (1781), aliyesema kwamba kuwako si sifa inayoongezwa katika dhana, yamo tayari katika tofauti ya -mo na -po. Kwa maneno mengine, Kiswahili hakiizuii hoja hiyo. Kinaufichua mruko uliomo ndani yake.

3.0 Ushahidi wa msamiati na mipaka yake

Wapo wanaotafuta ushahidi katika majina. Katika Kikuria na lugha jirani zake, jua huitwa iryoba au kwa umbo linalokaribiana na hilo, na jua hilo huhusishwa na Muumba. Jina la watu Waryoba, kwa umbo lake, linaonekana kubeba mzizi huohuo. Kilimanjaro, Wachaga humwita Mungu Ruwa, na Ruwa ni jua. Iryoba, Ruwa na neno la Kiswahili "jua" yote ni matunda ya mzizi mmoja wa Kibantu cha kale. Kutokana na hayo wengine hurukia kusema kwamba Wabantu walikwisha kufanya hoja ya chanzo: waliuona mwanga unaotegemewa na kila chenye uhai, wakakata shauri kwamba kipo chanzo kisichotegemea kingine.

Mtaalamu wa lugha hana budi kuonya hapa. Neno si hoja. Hoja ina dai, sababu na hitimisho; neno lina maana na historia tu. Anayesoma falsafa katika mizizi ya maneno anaweza kesho kudai kwamba "jua" na "kujua" ni ndugu, na kwamba wahenga walifundisha kuwa maarifa ni mwanga; ilhali maneno hayo mawili yamefanana sauti tu na hayana asili moja. Tena, ngeli zina siri zake. "Mungu" huchukua upatanisho wa watu, lakini wingi wake, "miungu", unadokeza kwamba hapo kale neno hilo lilikaa katika ngeli nyingine. Iryoba liko katika ngeli ya 5. Je, mzee anapoliomba, upatanisho hubaki wa kitu au hugeuka wa nafsi? Swali hilo lingeweza kujibiwa kwa kurekodi maombi yenyewe, na jibu lake lingesema mengi zaidi kuliko etimolojia: lingeonyesha kama anayeombwa ni jua au ni nafsi inayotajwa kwa jina la jua.

Hatari ya kupuuza uangalifu huo ilielezwa na Okot p'Bitek alipojadili jinsi wamisionari walivyolipata jina la Mungu kwa Kiacholi. Waliuliza nani aliwaumba watu. Lugha ikakosa kitenzi cha kuumba kwa maana waliyoikusudia, swali likageuka kuwa nani aliwafinyanga. Wazee wakamtaja Rubanga, roho iliyodhaniwa kukunja migongo ya wagonjwa wa kibyongo. Kiacholi ni ndugu wa Kijaluo kinachosemwa Rorya. Mfano huo hauthibitishi kwamba Mungu hayupo, wala kwamba Waacholi hawakumjua. Unathibitisha kwamba swali lililotafsiriwa vibaya hupata jibu lililo sahihi kwa swali jingine.

4.0 Hoja ya mpangilio

Hoja ya mpangilio ina bahati ya kuwa na msemaji wa jirani anayejulikana kwa jina. H. Odera Oruka, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wenye hekima, alichapisha mazungumzo na Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo wa Kenya. Kwa muhtasari, Akoko alishikilia kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote. Wangekuwa wengi wangegombana, na ulimwengu ungevurugika. Lakini ulimwengu haukuvurugika, kwani mbwa huzaa mbwa na paka huzaa paka. Msomaji wa elimu ya kalamu ataitambua mara moja burhani ambayo wanakalamu waliijenga juu ya aya ya 22 ya Surat al-Anbiya. Hakuna haja ya kudhani kwamba mmoja alimwiga mwingine. Lililo muhimu ni kwamba hiyo ni hoja kamili, yenye dai, sababu na hitimisho, na inastahili kupingwa kama hoja.

Pingamizi moja liko Tarime kwenyewe. Wakuria hawakuwa na mfalme. Kabla ya machifu waliowekwa na tawala za Kijerumani na Kiingereza, nchi ilisimamiwa na mabaraza ya wazee, na marika yaliyopangwa katika mikondo miwili, Saai na Chuuma, yakipokezana wajibu kizazi baada ya kizazi. Mpangilio ulikuwapo, mtawala mmoja hakuwapo. Msikilizaji wa Kikuria angeweza kumjibu Akoko kwamba utaratibu hauthibitishi mwenye enzi mmoja, kwa kuwa hata wengi huweza kupatana. Hume, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1779, alitoa pingamizi hilohilo kwa mfano wa mafundi wengi wanaounda jahazi moja.

Hata hivyo Akoko naye ana ushahidi kutoka Tarime. Koo za Kikuria zimepigana mara nyingi kwa sababu ya ng'ombe na ardhi, na mapigano hayo yalichangia Serikali kuunda kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya. Wengi huweza kupatana, lakini pia huweza kuchinjana. Ni nini kinachotofautisha hali hizo mbili? Si kuwapo kwa mtawala, kwa kuwa amani ilipatikana hata alipokosekana. Ni kuwapo kwa kipimo kimoja ambacho pande zote zinakikubali: mwiko uleule, kiapo kilekile, fidia ileile. Kwa hiyo hoja ya Akoko yafaa irekebishwe. Utaratibu wa ulimwengu hauonyeshi moja kwa moja mtawala mmoja; unaonyesha, kama unaonyesha chochote, sheria moja. Kutoka sheria moja hadi mtunga sheria mmoja bado kuna hatua, na hatua hiyo yahitaji hoja yake.

5.0 Hoja ya makubaliano ya wengi

Hoja inayotumiwa zaidi kwa jina la Afrika ni ya makubaliano. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alikusanya dhana za Mungu kutoka kwa jamii zaidi ya 270 za Kiafrika. Mbiti mwenyewe alikusudia kueleza, lakini wengi waliomfuata wamezifanya kurasa zake kuwa hoja: jambo ambalo jamii nyingi hivyo zinakubaliana haliwezi kuwa uongo.

Hoja hiyo ina udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza unatokana na isimu. Mahakamani, mashahidi kumi waliosikia habari kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Jamii za Kibantu zina babu mmoja wa lugha, na maneno kama iryoba na Ruwa ni urithi kutoka kwa babu huyo. Makubaliano ya warithi huthibitisha kwamba kulikuwa na urithi. Hayathibitishi kwamba kila mmoja aligundua jambo hilo kwa nafsi yake. Uzito wa makubaliano uko pale tu ambapo mashahidi hawakuambizana, kama vile Akoko na wanakalamu, na katika mifano hiyo kinachoshuhudia ni ubora wa hoja wala si idadi ya vichwa.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Kama kukubaliwa na vizazi ni uthibitisho, basi ni uthibitisho wa yote yaliyokubaliwa. Katika Tarime na Serengeti ukeketaji wa wasichana umekubaliwa na vizazi, na katika baadhi ya koo huamriwa na wazee wa mila kwa jina la wahenga. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inaukataza kwa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18; na bado, msimu ufikapo mwezi wa Desemba, wasichana hukimbilia nyumba salama za Masanga, wilayani Tarime, na za Mugumu, wilayani Serengeti. Mwanafalsafa anayefundisha kwamba makubaliano ya wahenga yanathibitisha kuwapo kwa Mungu hana jibu kwa mzee anayesema kwamba makubaliano hayohayo yanathibitisha wajibu wa kukeketa. Akijibu kwamba makubaliano ya kwanza ni ya watu wengi zaidi, amekiri kwamba anahesabu tu. Akijibu kwamba ya pili yanaumiza, amekwisha kuondoka katika hoja ya makubaliano na kuingia katika hoja nyingine. Zaidi ya hayo, makubaliano ambayo msichana hakuulizwa si makubaliano yake. Anayekimbia usiku kwenda Mugumu ni shahidi aliyeachwa nje ya hesabu.

6.0 "Mungu yupo" kama kauli ya aliyedhulumiwa

Hoja hiyo nyingine ndiyo yenye mizizi zaidi, na sarufi inaielekeza. Malcolm Ruel, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakuria katika miaka ya 1950, alionya katika insha yake ya mwaka 1982 kwamba dhana ya kuamini ina historia yake katika Ukristo, na kwamba si halali kuitwika kila dini. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 alionyesha kwamba matambiko ya Kikuria yanalenga kuulinda uzima, omooyo, neno lililo ndugu wa "moyo" wa Kiswahili. Kiswahili nacho hutenganisha "kuamini kwamba Mungu yupo" na "kumwamini Mungu". Katika umbo la pili kiambishi cha mtendwa humfanya Mungu kuwa nafsi inayotegemewa, na mzizi wake wa Kiarabu umezaa pia "amana" na "amani". Hoja za shule zinashughulikia umbo la kwanza. Maisha yanashughulikia la pili.

Ikumbukwe jinsi kauli "Mungu yupo" inavyotumika kwa kawaida. Haitumiki kumjibu anayekana. Husemwa na mjane aliyenyang'anywa shamba, na aliyeshindwa kesi ambayo kila mtu anajua haki ilikuwa upande wake. Maana yake ni kwamba dhuluma hiyo imeonekana na itahesabiwa. Hapo -po haitaji eneo. Inataja hudhurio la shahidi. Hoja iliyomo yaweza kupangwa hivi. Ama haki ni jina tu la matakwa ya mwenye nguvu, ama kipo kipimo kinachomhukumu hata mwenye nguvu. Aliyedhulumiwa anajua kwamba la kwanza si kweli, kwa kuwa hata anaposhindwa hasemi kwamba amekosea. Husema kwamba ameonewa. Basi kipo kipimo. Na kipimo kisichomwona yeyote hakimhesabii yeyote. Kwa hiyo kipimo hicho kina mwenyewe. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1788, aliikaribia hoja hiyo kwa njia ya wajibu. Mjane anaifikia kwa njia ya hasara yake.

Pingamizi lipo na lisifichwe. Kiu haithibitishi kwamba kisima kipo, na hamu ya kuwa na hakimu haimleti hakimu. Hatua ya mwisho, ya kutoka kipimo hadi mwenye kipimo, ni ileile iliyobaki wazi katika hoja ya Akoko, na mkanaji aweza kusimama hapo bila kujipinga. Lakini atakuwa amekiri kipimo, na baada ya hapo itambidi aeleze ni wapi kinakaa kipimo ambacho hakimo katika akili ya mtu yeyote wala katika baraza lolote. Hoja hiyo haimlazimishi. Inamwonyesha gharama ya kukana. Hilo ni pungufu kuliko alilolitaka Anselm, na ni zaidi ya linalotolewa na hesabu ya jamii.

Tena hoja hiyo ina sharti linalomfunga anayeitumia. Anayemwita Mungu kuwa shahidi wa aliyeonewa hawezi wakati huohuo kumwita kuwa mdhamini wa maumivu ya mnyonge. Kwa kipimo hicho amri ya kukeketa huanguka hata kabla ya kufika mahakamani, kwa kuwa inadai mamlaka kutoka kwa yule ambaye kauli "Mungu yupo" inamtaja kuwa upande wa msichana.

7.0 Hitimisho

Kazi inayowangoja wanafunzi wa uzamili si kuandika tena kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya wamisionari. Ni kurekodi maombi, viapo na laana katika Kikuria, Kingoreme, Kiikoma na Kinata kabla wasemaji wake wazee hawajaondoka. Kuchunguza upatanisho wa majina ya Mungu katika maandishi hayo. Na kuzipanga hoja zilizomo ili ziweze kupingwa. Idara za falsafa na za Kiswahili zingefaa zifanye kazi hiyo pamoja, kwa kuwa mwanafalsafa asiyeijua sarufi atahesabu mruko kuwa hatua, na mwanaisimu asiyejua falsafa atahesabu neno kuwa hoja. Hoja isiyoweza kupingwa na mzee wa Tarime kwa lugha yake mwenyewe, au na msichana aliye Masanga kwa niaba ya nafsi yake, bado haijawa hoja ya Kiafrika.